Skauti wa Singida apewe Honda, si Yamaha

Dirisha la usajili likifunguliwa, vijiwe vya Singida Mjini havilali. Nani anakuja, nani anaondoka, straika gani ameonekana akishuka uwanja wa ndege Dar es Salaam kofia imemfunika macho. Ni raha ya soka na hakuna wa kumnyima shabiki. Singida imeyazoea majina ya mbali: Elvis Rupia kutoka Kenya, Marouf Tchakei kutoka Togo, Jonathan Sowah kutoka Ghana kabla hajahamia Simba. Septemba 2025 Singida Black Stars ikatwaa Kombe la Kagame kwa kuifunga Al Hilal ya Sudan mabao 2-1, na mwezi huohuo ikaitoa Rayon Sports ya Rwanda kwenye Kombe la Shirikisho Afrika. Mkoa uliokuwa ukitajwa kwa kuku na alizeti sasa unatajwa kwa mpira.

Sasa kuna hesabu moja ambayo kijiweni haifanywi. Rwanda nzima, hiyo nchi ya Rayon, ina kilomita za mraba 26,000 na ushee. Mkoa wa Singida peke yake una karibu 49,000. Ni kama Rwanda mbili kasoro. Sensa ya 2022 ilikuta humo watu milioni 2 na kidogo. Kuna Iramba, Mkalama, Ikungi, Manyoni, Itigi, kuna Singida Vijijini, na kila kata ina uwanja hata kama magoli yenyewe ni miti ya porini na mistari imechorwa kwa majivu. Watoto wanacheza huko kila jioni. Nani anakwenda kuwaangalia?

Jibu la kweli ni kwamba ramani ya skauti wa Singida ni ramani ya lami. Anayecheza karibu na barabara kuu, kuanzia Manyoni, Ikungi, Singida Mjini hadi Shelui, ana bahati ya kuonekana, maana makocha na mawakala wanapita na basi. Anayecheza ndani, kule Mkalama kuelekea bondeni, au kusini ya Itigi kwenye njia ya Rungwa, anatakiwa yeye ndiye aje. Atafute nauli, apate ndugu wa kumlaza mjini, afike asubuhi ya majaribio akiwa na viatu vya kuazima, acheze dakika 20 na watu asiowajua. Akikosea pasi mbili, safari imekwisha. Anarudi kijijini na haji tena.

Dawa ya hilo ni pikipiki moja na mtu mmoja mwenye jicho. Gari hapana. Gari la klabu ya ligi ya mkoa hata likipatikana kwa msaada, litakwama kwenye mafuta kabla halijakwama kwenye tope. Serikali yenyewe ilishalijua hili kwenye kilimo: mwaka 2022 iligawa pikipiki kwa maafisa ugani, kwa sababu bwana shamba asiyefika shambani hana kazi. Kocha wa vijana asiyefika uwanjani naye hana kazi.

Kwa hiyo swali la klabu, la kituo cha vijana, la chama cha soka cha wilaya, hata la SIREFA wenyewe, linakuwa dogo na la nguvu: pesa ni kidogo, inunuliwe pikipiki gani?

Kwa njia za Singida na kwa mfuko wa aina hiyo, ubishi wa vijiweni huishia kwenye majina mawili ya zamani. Yamaha DT 125 na Honda XL 125. Wenye umri wanazijua. Ndizo pikipiki za mradi: ndefu, tairi la mbele kubwa, madigadi yamenyanyuka juu, tangi jembamba. Padri alikuwa nayo, bwana mifugo alikuwa nayo, mtu wa maji alikuwa nayo. Mpya ni bei ya kukatisha tamaa, lakini zilizotumika zinapatikana kwenye minada ya taasisi na mikononi mwa watu walionunua kwenye minada hiyo. Mashabiki wa DT na wa XL hawapatani. Ni Simba na Yanga ya watu wenye mikono ya grisi.

DT ina sababu zake za kupendwa. Injini yake ni ya mipigo miwili, ile inayounguza oili pamoja na petroli. Kila pistoni inapopanda kuna mlipuko, wakati ya mipigo minne inasubiri mizunguko miwili kupata mlipuko mmoja. Ndiyo maana DT ikifunguliwa mafuta inaruka. Ni nyepesi, inachangamka, inapanda mlima kama mbuzi, na ule mlio wake mkali watoto wanautambua kabla haijatokea kwenye kona. Tena haina vali, haina cheni ya ndani ya kuendesha vali. Fundi mwenye spana chache anafungua kichwa chini ya mbuyu, anabadilisha pistoni na ringi, anafunga, mnaondoka. Kwa mtu anayejua kuiendesha, kwenye tope jembamba la masika, DT ni starehe.

Lakini starehe ni jambo la Jumapili moja. Skauti anatakiwa aende Jumapili arobaini.

Chukua mfano wa kocha anayezunguka kilomita 300 kwa wiki. Si nyingi: Singida Mjini kwenda Nduguti na kurudi, ongeza mizunguko ya vijiji viwili vitatu, zimekwisha. Kwa wiki 40 za mwaka hizo ni kilomita 12,000. XL iliyotunzwa, kwa mwendo wa kawaida, inaenda kilomita 35 kwa lita moja na mara nyingine zaidi. DT ikifanya 25 imejitahidi, na kwenye kichanga inashuka. Piga hesabu: XL itakunywa lita 343 hivi kwa mwaka, DT lita 480. Tofauti ni lita 137. Kwa petroli ambayo miaka ya karibuni imekuwa ikizunguka shilingi 3,000 kwa lita, na EWURA wakitangaza bei mpya kila mwezi, hiyo ni zaidi ya shilingi 400,000. Kwa klabu ya Yanga hiyo si habari. Kwa timu ya vijana ya Kiomboi hizo ni jezi na mipira ya msimu.

Halafu kuna oili, na hapa ndipo wengi wanapoumia bila kujua. DT ina tangi lake dogo la oili pembeni, na pampu inayochanganya yenyewe na petroli. Oili yake ni ile ya 2T. Kwa kilomita hizo 12,000 itaunguza lita 10 na kitu, labda 12. XL haiunguzi, oili yake inakaa chini ya injini, lita moja hivi, inamwagwa na kubadilishwa. Ukibadilisha kila kilomita 2,000, ambayo ni nidhamu nzuri kwa vumbi la kule, umetumia lita 6 kwa mwaka.

Kiasi si tatizo kubwa. Tatizo ni wapi inapatikana. Bodaboda karibu zote za leo, Boxer, TVS, na zile za Kichina zenye majina yanayobadilika kila mwaka, ni za mipigo minne. Maana yake duka la senta yoyote, lile linalouza sukari, vocha na misumari, litakuwa na chupa ya oili ya bodaboda kwenye rafu. Oili hiyo XL inaipokea. 2T utaiulizia mjini, au utaomba kwa mtu mwenye msumeno wa mbao. Na DT haina msamaha. Oili ikiisha tangini, pampu ikiziba, au fundi fulani akiwa ameifunga hiyo pampu zamani na kuanza kuchanganya kwa mkono kwa kukadiria, basi ipo siku katikati ya pori pistoni itang'ang'ania kwenye silinda. Gurudumu la nyuma linafunga. Kama mwendo ulikuwa mkubwa, aliyepanda naye anakwenda chini.

Kuna jambo jingine ambalo mashabiki wa DT huwa wanalirukia haraka. Iramba ni nchi ya miteremko. Ukitoka juu kuelekea uwanda wa Wembere unashuka kweli kweli, na mlima Sekenke kila dereva wa lori anaujua jina lake. XL ukiiweka gia ndogo na kuachia mafuta, injini inaishika pikipiki, breki zinapumzika. Injini ya mipigo miwili inashika kidogo sana. Mbaya zaidi, ukiwa umeachia mafuta kwenye mteremko mrefu, oili nayo inayoingia ni kidogo, wakati pistoni bado inakwenda mbio. Waendeshaji wazoefu wa DT wanajua kuigusia mafuta kidogo kidogo wanaposhuka ili ipate oili. Sawa, wazoefu wanajua. Kocha wa vijana wa miaka 26 aliyejifunzia Boxer ya kaka yake hajui, na hakuna atakayemwambia siku anayokabidhiwa ufunguo.

Nguvu je? Hapo pia DT inasifiwa kuliko inavyostahili. Nguvu yake iko juu, injini ikilia. Chini huko haina kitu. Mpakie kocha, mfuko wa mipira kumi, koni, na mara nyingine mwamuzi wa kijijini aliyeomba lifti, halafu muingize kwenye kichanga. Itabidi ailize, acheze na klachi, na klachi ikichezewa saa nzima inanuka. XL inavuta kuanzia chini, taratibu, kama trekta dogo. Haitamfurahisha mtu. Itafika.

Hapa inafaa kusema wazi kwamba kuna wakati DT inashinda. Kwenye mbuga nyeusi, mvua zikishika kati ya Desemba na Aprili, udongo ule unaganda kwenye tairi hadi gurudumu halizunguki chini ya digadi. Pale uzito kidogo ni bora kuliko uzito mwingi, na kilo chache anazopungukiwa DT mtu anazihisi mikononi akiisukuma. Lakini ukweli wa pili ni kwamba katika wiki hizo hakuna mechi. Uwanja nao ni mbuga hiyohiyo. Soka la vijijini Singida, mashindano ya shule ya UMITASHUMTA na UMISSETA katika hatua za kata na wilaya, mabonanza ya baada ya mavuno, vyote vinakaa zaidi kwenye kiangazi, wakati adui ni vumbi, kichanga na makorongo makavu. Pikipiki ya skauti ichaguliwe kwa miezi ambayo skauti ana kazi.

Kuhusu spea, hakuna upande wa kujigamba. Wanaosema "spea za XL zipo kila mahali" wanadanganya, au wanachanganya na bodaboda. Spea halisi za pikipiki zote mbili zitamtuma mtu Arusha, Dodoma au Kariakoo. Tofauti ipo kwenye kinachoharibika. DT itadai pistoni na ringi mapema zaidi, kwa sababu hiyo ndiyo tabia ya injini yake. XL ikipata oili safi na kichujio cha hewa kikasafishwa, inakaa miaka kabla ya kuomba kitu kikubwa. Itaomba cheni, sproketi, kebo, plagi, na hivyo fundi wa bodaboda anaweza kuvitafutia njia. Kitu kimoja kinawahusu wote: tairi la mbele ni la inchi 21. Bodaboda zinatembelea 17 na 18. Ukipasuka tyubu ya mbele ukiwa Rungwa, hakuna duka litakalokuokoa. Tyubu ya akiba ya 21 ifungwe chini ya kiti siku ileile ya kununua, pamoja na pampu na viraka. Wengi hununua kofia yenye rembo kwanza.

Na kwa nini si Boxer tu? Swali hili ni halali na litaulizwa kwenye kikao. Bodaboda mpya ni karibu milioni 3, ina spea hadi kwa muuza nyanya, inakula mafuta kidogo kuliko hizo zote. Kwa kocha ambaye eneo lake ni Singida Mjini, Ikungi barabarani na vijiji vya moramu iliyochongwa, anunuliwe Boxer au TVS na kikao kifungwe. Hata kupoteza muda kwenye mnada si lazima. Ila pikipiki hizo zimelala chini, shokapu zake ni za barabara, na tairi dogo la mbele linaingia kwenye kichanga kama jembe. Njia ya kutoka Mkiwa kupita Itigi na Rungwa hadi Makongolosi ni zaidi ya kilomita 400, sehemu kubwa bado vumbi, na vijiji vilivyo pembeni yake vina njia mbaya kuliko hiyo. Bodaboda hufika huko, hakuna ubishi, vijana wanazipeleka kila siku na magunia juu. Muulize mwenye nayo imefikisha umri gani kabla fremu haijachomelewa mara ya tatu.

Basi ni XL, na ni ya kutumika, na hapo ndipo pesa ya klabu inapopotea. Kununua pikipiki ya mnada ni sawa na kumsajili mchezaji wa miaka 31 aliyekaa nje ya uwanja msimu mzima. Anaweza kuwa dhahabu. Anaweza kuwa na goti. Kipimo hakifanywi kwa kumwangalia akitembea.

Kwanza, fika ukiwa umemwambia muuzaji asiiwashe. Ukifika shika injini kwa mkono. Ikiwa ya moto, ameshaihangaikia asubuhi ili iwake mbele yako kwa kiki moja. Rudi kesho. Injini ya baridi haidanganyi. Ikiwaka, tazama bomba la moshi. Na hii ni sababu nyingine ya kuichagua Honda: DT hutoa moshi ikiwa nzima, kwa sababu inaunguza oili kwa kawaida yake, hivyo mgonjwa na mzima wanafanana. XL ikitoa moshi wa bluu, imekiri. Oili inapita kwenye ringi au kwenye vali, na bei inabidi iongee upya au mtu aondoke.

Pili, simama nyuma, mwingine ashike usukani, mwingine alitikise gurudumu la nyuma kushoto na kulia. Likicheza, bushi zimekwisha. Fanya hivyo mbele. Pitisha kidole kwenye spoku zote, moja moja, ukizigonga. Iliyolegea hutoa sauti ya kufa. Angalia fremu pale chini ya kiti na kwenye kishikio cha mizigo. Pikipiki za mradi zilibeba vitu vizito kuliko binadamu, na nyufa huanzia hapo, chini ya rangi mpya. Rangi mpya kwenye pikipiki ya miaka 15 ni jambo la kuuliza, si la kusifia.

Tatu, na hili ndilo viongozi wa mpira hulikimbia: kadi. Namba ya fremu na ya injini zisomwe kwa macho na zilingane na kadi ya usajili. Pikipiki nyingi za aina hii ziliishi na namba za miradi, zikauzwa, zikauzwa tena, na mtu wa tatu hajawahi kwenda TRA kubadili umiliki. Siku ya kwanza ya trafiki pale stendi, skauti analala bila pikipiki. Muuzaji asiye na karatasi za mnada aachwe na pikipiki yake, hata kama inaimba.

Na kwenye hiyo milioni 4 au 5 iliyochangwa, isitumike yote kununua. Moja ya tano ibaki: matairi mawili, cheni na sproketi zake, oili, kichujio, tyubu, kofia mbili, bima. Klabu inayomaliza senti ya mwisho kwenye manunuzi inakuwa na pikipiki nzuri iliyosimama uani na kuku wanalala juu yake. Hao kuku wa Singida wana sifa, lakini si hiyo.

Kuna suala la usiku, ambalo kwenye vikao vya usajili wa pikipiki halitajwi kabisa. Mechi ya kijijini inaanza saa 10 jioni ikiwahi. Inaisha saa 12 kasoro. Kocha anataka kuongea na mzazi wa yule mtoto namba 7, mzazi anataka kwanza aitwe mjomba, mjomba yuko kilabuni. Saa 1 na nusu giza limeingia, na kuna kilomita 80 mbele. Taa za XL ya zamani zinaonyesha kidogo kuliko simu nzuri. Barabarani kuna ng'ombe, kuna mkokoteni usio na taa, kuna lori limeharibika na majani yamewekwa nyuma kama alama. Watu wa mpira wamezikwa kwa safari za namna hii na kijiweni ikasemwa ni kazi ya Mungu. Klabu iweke pesa ya kulala. Chumba cha wageni Nduguti au Itigi si hoteli ya nyota tano, ni bei ya chakula cha wachezaji wawili mjini. Anayekubali kumpa skauti pikipiki lakini anamnyima pesa ya kitanda hajampa kitu.

Leseni pia. Daraja A si mapambo. Kocha ajifunze kwa mtu anayejua njia za kichanga, wiki mbili, kabla ya kupewa mfuko wa mipira. Ashike daftari la pikipiki kama anavyoshika daftari la mahudhurio: kilomita, lita, siku ya oili. Daftari hilo ndilo litakalomwonyesha mwekahazina mafuta yamekwenda wapi, na ndilo litakaloonyesha pia kama skauti amefika Mkalama mara tatu mwezi huu au amezunguka ziwa Singidani na rafiki zake.

Maana kuna ugonjwa wa tatu, mbaya kuliko pistoni na kadi. Pikipiki ya klabu huwa na miguu. Mwezi wa kwanza ipo kwa kocha. Mwezi wa pili mwenyekiti ameiazima kwa msiba. Mwezi wa nne imeonekana ikipeleka vitunguu mnadani na aliyeipanda hamjui hata mlinda mlango wa timu. Mwezi wa sita imeuzwa "ili kulipa madeni ya timu". Kwa hiyo ile kadi ikipatikana, iandikwe jina la klabu au la chama, si la mtu, hata kama mtu huyo ndiye aliyetoa nusu ya pesa. Kama klabu haijasajiliwa kiasi cha kuweza kumiliki kitu kwa jina lake, hiyo ndiyo kazi ya kwanza, kabla hata ya mnada.

Singida imeshaona timu zikija na kuondoka. Singida United ilipanda, mwaka 2018 ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho la TFF na kufungwa 3-2 na Mtibwa Sugar, miaka miwili baadaye ikashuka. Singida Big Stars ikawa Singida Fountain Gate, kisha Fountain Gate ikaenda zake Babati, na Ihefu ya Mbarali ikaja kuwa Singida Black Stars. Shabiki wa Liti, tangu enzi ukiitwa Namfua, amebadilisha jezi mara nyingi kuliko alivyobadilisha nyumba. Majina yanahama, leseni za ligi zinahama, wachezaji wa kigeni wanahama, na hiyo ndiyo biashara. Mtoto wa Nduguti anayepiga chenga kwenye kichanga na mpira wa makaratasi hajahama. Yupo palepale, na bado hajaonwa.

Limebaki pingamizi moja ambalo husemwa kwa sauti ya chini baada ya kikao. Honda nyingi za aina hii ni nyekundu, na wilaya moja moja mwenyekiti ni Yanga wa kufa mtu, hawezi kuonekana amesimama karibu na chombo cha rangi hiyo, achilia mbali kukipiga picha siku ya makabidhiano. Kopo la rangi ya kijani linauzwa kwenye duka lolote la vifaa vya ujenzi. Wapake tangi tu, fremu waiache, ili mnunuzi wa baadaye aweze kuona kama ina ufa.